Nikeli ya mpakani na daftari lisilo letu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu ninyi mnaovuka Kobero na Kabanga kila siku mnaujua kuliko mimi ninayeuandika, kwani ninyi ndio mnaoandika madeni, faida na ushuru katika kijidaftari kinachofungwa kwenye pindo la kanga. Leo nataka kuutumia msemo huo huo kwa mali kubwa zaidi, iliyo chini ya ardhi ya pande zote mbili za mpaka wetu, na ambayo daftari lake linaandikwa mbali sana na hapa.

Jambo hili lilinijia nikiwa Kobero, nikisubiri pasi yangu igongwe muhuri. Mama mmoja anayeuza taa za sola, betri za redio na chaja za simu alinitambua. Watoto wake wakubwa niliwafundisha Ulyankulu, kabla hatujarudi nyumbani, na mpaka leo ananiita mwalimu. Akaniuliza, "Mwalimu, kila siku redio inasema nikeli, nikeli. Huku Musongati, kule Kabanga. Wanasema ndiyo inayotengeneza betri za magari ya umeme. Mimi nauza betri miaka yote hii, mbona aliyepanga bei yake simjui?" Kabla sijamjibu akaongeza la pili, "Na huyu mtoto wangu wa mwisho, yeye ni hesabu tu usiku na mchana. Asome nini?"

Nilimjibu kwamba bei ya nikeli inapangwa London. Hilo ni kweli, lakini nilipokaa ndani ya basi nikaona kuwa nimemjibu nusu tu, na swali la pili sikulijibu kabisa. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa wengine wenye swali kama lake.

Tuanze na habari zenyewe. Januari 2025 serikali za Tanzania na Burundi zilitia saini na kampuni za China mkataba wa zaidi ya dola za Marekani bilioni 2 wa kujenga reli kutoka Uvinza hadi Musongati. Agosti mwaka huo huo ujenzi ulizinduliwa rasmi. Reli hiyo haijengwi kwa ajili ya abiria peke yao. Nikeli ya Musongati imejulikana tangu miaka ya 1970, na moja ya mambo yaliyoikwamisha muda wote huo ni njia ya kuifikisha bandarini.

Upande wa pili, wilayani Ngara, upo mradi wa Kabanga. Mwaka 2018 serikali ya Tanzania ilifuta leseni za zamani zilizokuwa zimeshikiliwa bila uchimbaji kuanza, na Januari 2021 ikaingia mkataba mpya unaoipa serikali hisa asilimia 16. Kampuni kubwa ya madini ya BHP iliingiza fedha zake katika mradi huo, kisha Julai 2025 ikamwachia mshirika wake hisa zake na kuondoka.

Wanajiolojia wanaitazama miamba ya Kabanga na Musongati kama mkanda mmoja. Mpaka uliochorwa na Wazungu umeukata mkanda huo kama ulivyozikata koo na mashamba, lakini jiwe lenyewe halina pasi. Ndiyo maana nasema habari hii si ya Tanzania peke yake wala ya Burundi peke yake.

Sasa tuje kwenye bei. Machi 2022, kwa muda mfupi, tani moja ya nikeli ilipita dola 100,000 katika soko la metali la London, hadi wenye soko wakasimamisha biashara hiyo. Mwaka 2025 tani hiyo hiyo ilikuwa ikizunguka dola 15,000. Katikati ya kuporomoka huko, Julai 2024, BHP ilitangaza kusimamisha shughuli zake za nikeli nchini Australia. Mfanyabiashara yeyote wa mahindi anajua maana ya bei kushuka kiasi hicho wakati wewe ndiyo kwanza unajenga ghala.

Sababu ni mbili kubwa. Ya kwanza inafahamika. Indonesia ilipiga marufuku kusafirisha nikeli ghafi kuanzia Januari 2020, ikakaribisha viwanda vya kuyeyusha nyumbani kwake, na sasa inatoa zaidi ya nusu ya nikeli yote inayochimbwa duniani. Soko likafurika.

Sababu ya pili haisemwi sana redioni. Ni kwamba betri yenyewe imebadilika. Betri za magari ya umeme ziko za aina kadhaa. Kuna zile ambazo upande wake chanya umetengenezwa kwa nikeli, manganizi na kobalti. Na kuna zile zinazotumia chuma na fosfeti, ambazo hazina nikeli hata chembe na kobalti hata chembe. Aina hiyo ya pili ilielezwa mwaka 1997 na maabara ya John Goodenough huko Texas, mzee ambaye mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati, mwaka 2024 betri hizo za chuma na fosfeti zilikaribia nusu ya soko lote la betri za magari ya umeme. Maana yake ni kwamba nusu ya soko tuliloahidiwa haihitaji nikeli yetu.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Mtu anayeuza kitu asichojua kinafanya kazi gani ndani ya mashine ya mnunuzi, hawezi kujua lini mnunuzi atakiacha. Na siku hizi kazi ya kujua jiwe fulani litafanya nini ndani ya betri haianzii kwenye tanuri. Mara nyingi inaanzia kwenye kompyuta, kwa kupiga hesabu za elektroni.

Nitoe mfano mmoja. Mwaka 1998 kundi la Gerbrand Ceder, wakati huo akiwa MIT nchini Marekani, lilichapisha katika jarida la Nature kazi ambayo bado inatajwa. Walipiga hesabu kwa kompyuta na kuonyesha kwamba ukichanganya alumini ndani ya oksidi ya kobalti, volti ya betri itapanda. Kisha wakatengeneza mchanganyiko huo na kuupima, na ukawa kama walivyosema. Tafakari maana yake, ndugu msomaji. Watu waliokuwa mbele ya kompyuta walitangulia kujua kwamba sehemu ya kobalti inaweza kutolewa na kuwekwa alumini, ambayo ni rahisi na imejaa duniani. Yule mchimbaji wa Kolwezi hakupewa taarifa.

Tangu mwaka 2011 kuna hazina ya hesabu kama hizo iliyoanzishwa Berkeley, California, inayoitwa Materials Project. Ndani yake kuna sifa za vitu zaidi ya laki moja zilizopatikana kwa kompyuta, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua bila kulipa. Hilo ndilo daftari ninalolisema. Halikufichwa, ila sisi hatujalifungua.

Msomaji atauliza, kama ni hesabu tu, ugumu uko wapi? Ugumu upo, na ni wa aina ambayo wafanyabiashara wanaweza kuuelewa haraka kuliko wengine.

Chukua soko la wachuuzi kumi. Kila mmoja ana mambo mawili ya kuchagua, kupandisha bei au kushusha. Lakini hakuna anayeamua peke yake. Kila mmoja anamwangalia jirani, na jirani anamwangalia mwingine. Ukitaka kuandika hali zote zinazowezekana za soko hilo la watu kumi utapata 1,024. Wakiwa wachuuzi 20 zinakuwa 1,048,576. Wakiwa 30 zinapita bilioni moja. Wakiwa 50 zinapita trilioni 1,000, na hapo hata kompyuta kubwa zinaelemewa na daftari. Wakiwa 300 hali hizo zinazidi idadi ya atomi zote katika ulimwengu unaoonekana. Na hao ni wachuuzi 300 tu, soko la Jumamosi pale mpakani lina watu wengi zaidi.

Elektroni ndani ya jiwe ziko hivyo hivyo, ila mbaya zaidi. Zinasukumana, kwa hiyo kila moja inategemea nyingine zote. Na kwa kanuni za fizikia ya kwantamu hali zote hizo zinapaswa kuhesabiwa kwa pamoja, kila moja na uzito wake, si kuchagua moja na kuziacha nyingine. Wanasayansi wanaliita tatizo la mifumo ya kwantamu yenye chembe nyingi. Punje moja ya jiwe ina elektroni nyingi kiasi kwamba hakuna kompyuta itakayojengwa itakayoziandika zote moja moja.

Jambo la kutufungua macho ni kwamba moja ya mawe ya kwanza kuwaumbua wanasayansi katika hesabu hii lilikuwa la nikeli. Mwaka 1937 Waholanzi wawili, de Boer na Verwey, walionyesha kwamba hesabu za wakati ule, zilizochukulia kila elektroni kama inatembea peke yake, zilisema oksidi ya nikeli inapaswa kupitisha umeme. Ukiipima, inazuia umeme. Mwingereza Nevill Mott na wenzake wakaeleza sababu. Elektroni ndani ya oksidi hiyo zinaogopana, kila moja inakaa kwenye atomi yake kama watu waliojaa ndani ya daladala, nafasi ya kupita hakuna. Oksidi ya kobalti nayo ina tabia hiyo. Kwa maneno mengine, nikeli ya Musongati na kobalti ya Katanga ni miongoni mwa metali ambazo oksidi zake zimeipa fizikia ya dunia kazi ngumu kwa karibu miaka 90.

Njia ya mkato iliyofungua kazi hii ilitoka kwa mtu ambaye sisi tuliorudi kutoka kambini tunapaswa kumjua. Walter Kohn alizaliwa Vienna mwaka 1923 katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1939, akiwa kijana, aliokolewa na msafara wa watoto waliopelekwa Uingereza. Wazazi wake walibaki, na waliuawa na Wanazi. Vita vilipopamba moto Waingereza walimkamata kama raia wa nchi adui na mwaka 1940 wakampeleka kambini Kanada. Kambini humo wafungwa wenzake waliokuwa wasomi waliendesha shule, na yeye akafundishwa hesabu humo, nyuma ya waya.

Mwaka 1964 Kohn na Pierre Hohenberg walithibitisha jambo ambalo nitalieleza kwa mfano wetu wa soko. Walisema si lazima umfuate kila mchuuzi na kila anachokifikiria. Ukijua msongamano wa watu katika kila sehemu ya soko likiwa limetulia kabisa, yaani pale wako wengi, hapa wako wachache, kimsingi habari nyingine zote za soko hilo zimo ndani ya msongamano huo. Mwaka 1965, pamoja na Lu Jeu Sham, akatoa namna ya kuligeuza wazo hilo kuwa hesabu inayopigika. Daftari lililozidi ulimwengu likapungua likawa la kubebeka. Mwaka 1998 Kohn alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, na njia yake ndiyo inayotumika katika sehemu kubwa ya hesabu za vitu duniani leo, pamoja na ile kazi ya Ceder niliyoitaja.

Lakini tusidanganyane. Kanuni ya Kohn ni sahihi, ila kuna kipande kimoja ndani yake ambacho hakuna anayekijua kikamilifu, na watu wanakikadiria. Kwa vitu vingi makadirio hayo yanatosha. Kwa oksidi za nikeli na kobalti, ambazo elektroni zake zinasukumana kwa nguvu, yanayumba, na lazima yatiwe viraka. Mwaka 2019 watafiti wa Stanford waligundua kwamba mchanganyiko fulani wa nikeli unapitisha umeme bila upinzani wowote ukipozwa sana. Mwaka 2023 watafiti wa China wakapata mwingine wa nikeli unaofanya hivyo kwenye nyuzi joto zinazokaribia 193 chini ya sifuri, japo kwa kuubana kwa shinikizo kubwa mno. Kwa nini nikeli inafanya hivyo? Mabingwa wa hesabu hizi bado wanabishana. Maana yake biashara ya nikeli haijafika mwisho, na kurasa nyingi za daftari lake bado ni nyeupe.

Hapo wengine watasema, haya ni mambo ya mataifa tajiri yenye mashine za mabilioni, sisi tuna umeme wa mgawo. Nakubali umeme ni wa mgawo. Lakini nina habari moja ya kupinga sehemu ya kwanza.

Juni 2023 kampuni ya IBM ilitangaza katika jarida la Nature kwamba kompyuta yake ya kwantamu yenye vipande 127 vya kuhifadhia taarifa imepiga hesabu ya mfumo wa chembe nyingi kwa kiwango ambacho kompyuta za kawaida zingepata shida kukifikia. Ndani ya wiki chache makundi kadhaa ya watafiti, mojawapo la Taasisi ya Flatiron ya New York, yakaonyesha kuwa hesabu ile ile inapigika kwa kompyuta za kawaida, tena kwa usahihi. Hawakununua mashine kubwa zaidi. Walikuwa na njia bora ya kupanga daftari. Sisemi kompyuta za kwantamu hazina maana, huenda siku moja zikafanya makubwa. Nasema tu kwamba katika kazi hii kichwa kilichofundishwa kinaweza kushindana na mashine ya gharama, na vichwa hatujakosa.

Na tayari kuna waliothubutu. Mwaka 1964 Abdus Salam wa Pakistan alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia huko Trieste, mji wa mpakani nchini Italia, kwa ajili ya wanasayansi wa nchi maskini. Mjini humo humo ndiko ilikokulia programu iitwayo Quantum ESPRESSO, inayopiga hesabu za njia ya Kohn. Programu hiyo ni huria, haiuzwi, na hesabu ndogo za kujifunzia zinaendeshwa hata kwenye kompyuta ya mkononi. Kuanzia mwaka 2010 kumekuwa na shule ya Kiafrika ya kufundisha hesabu hizi, ambayo ilianzia Cape Town, na mwaka 2012 ikafanyika Eldoret, Kenya. Eldoret tunaijua kwa wakimbiaji, lakini kuna vijana pale ambao kazi yao ni kufukuza elektroni.

Mwaka 2018 ikaanzishwa Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda na kwa ushirikiano na kile kituo cha Trieste, taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa fizikia inayotoa shahada za juu, na fizikia ya vitu kwa kompyuta ni moja ya masomo yake. Hesabu zinazohitaji nguvu zaidi, watafiti wa bara hili wamekuwa wakizipeleka Cape Town, ambako mwaka 2016 ilizinduliwa kompyuta kubwa iitwayo Lengau, yaani duma.

Kwa hiyo programu ni ya bure, mafunzo yapo, na Kigali kutoka Muyinga si mbali. Kinachotuzuia ni nini? Kwa mtazamo wangu ni mambo yale yale yanayomzuia mchuuzi wa vitunguu.

La kwanza ni mpaka. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Sitaki kuingia katika siasa za uamuzi huo, wenye mamlaka wana sababu zao walizozieleza. Natazama matokeo tu. Kijana wa Muyinga aliyetaka kufika Kigali baada ya hapo ilimbidi azunguke Kobero, Ngara hadi Rusumo. Mfanyabiashara akizungushwa anaongeza bei. Mwanafunzi hana bei ya kuongeza, anaacha tu.

La pili ni vyeti na lugha, na hapa nazungumza kwa uchungu. Nilirudi Burundi mwaka 2009 na vyeti vyangu vya Tanzania mkononi. Ofisi iliyohusika kuvitambua ilikaa navyo zaidi ya mwaka mzima. Kila nikienda naambiwa rudi wiki ijayo, mara tafsiri ya Kifaransa ina kosa, mara muhuri haujakaa sawa. Mimi nilikuwa mtu mzima na nilivumilia. Lakini nilirudi na vijana ambao kule walikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, na hapa wakarudishwa madarasa matatu nyuma kwa sababu hawakujua Kifaransa. Wengine waliacha shule wakaingia kwenye pikipiki. Hesabu ni ile ile Ulyankulu na Bujumbura, mbili na mbili hazibadiliki zikivuka Kobero. Ila mtoto alipimwa lugha, akahesabiwa hajui hesabu. Kila nikisoma habari za Walter Kohn nawakumbuka wale vijana. Yeye kambini alikuta watu wa kumfundisha, na alipotoka akakuta chuo kilichompokea.

La tatu ni mikataba ya madini yenyewe. Nchi zetu zimejifunza kudai hisa, kodi na kiwanda cha kusafishia. Ni vizuri, na Indonesia imeonyesha kwamba anayekataa kuuza ghafi anaweza kubadilisha soko. Lakini sijasikia mjadala wowote wa hadhara, huku wala kule, wa kudai kwamba ndani ya mradi wa nikeli kuwe na fungu la kusomesha watu wa kuhesabu nikeli. Tunadai kiwanda cha kusafisha jiwe kwa soko la leo, wakati anayejua soko la miaka 15 ijayo yuko kwenye kompyuta, na si wa kwetu.

Najua kuna atakayesema mwenye njaa haulizi elektroni. Mama wa Kobero anataka ushuru upungue kesho asubuhi, na hesabu za kwantamu hazitampunguzia hata faranga moja. Ni kweli kabisa. Wala watafiti kumi wa Kigali au Eldoret hawawezi kupandisha bei ya London. Mimi sidai hivyo. Nadai jambo dogo zaidi, kwamba mkataba wa nikeli ni wa miaka mingi, na upande mmoja wa meza wanakaa watu wanaoweza kusoma hesabu hizi na kujua ni aina gani ya betri inakuja. Upande wetu wanakaa wanasheria na wahasibu, ambao ni watu wazuri, lakini daftari hilo hawalisomi. Akikosekana hata mmoja wa kulisoma, tutasaini kwa bei ya hofu au kwa bei ya ndoto.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu, na yote hayahitaji mabilioni.

Mosi, Burundi na Tanzania, zinazojenga reli moja kwa ajili ya mkanda mmoja wa miamba, zikubaliane kutenga sehemu ndogo ya mapato ya madini hayo kwa ajili ya wanafunzi wa pande zote mbili wanaosomea fizikia na kemia ya vitu kwa kompyuta. Kama tumeweza kuwa na kituo cha pamoja cha forodha Kobero na Kabanga, darasa la pamoja halitatushinda.

Pili, mwanafunzi na mtafiti wapewe njia hata pale siasa zinapofunga barabara. Taasisi ya Kigali imebeba jina la Afrika Mashariki, basi iwe ya Afrika Mashariki kweli kweli. Jumuiya ina uwezo wa kuweka kibali maalumu cha wanafunzi, na hilo halimgusi mwanajeshi wala mwanasiasa.

Tatu, vyeti vya watoto waliorudi vitambuliwe kwa muda unaojulikana, na mtoto apimwe somo katika lugha aliyosomea. Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya, kisiishie kwenye hotuba za wakuu wa nchi.

Nikirudi Kobero nitamtafuta yule mama nimalizie jibu langu. Nitamwambia kwamba bei ya nikeli inapangwa London, lakini kazi ya nikeli inapangwa na watu wanaojua elektroni zake zinasukumana vipi, na watu hao wanaweza kutoka popote, hata kambini. Na kuhusu mtoto wake wa mwisho nitamwambia amwache na hesabu zake, asimtoe shule kumsaidia kibandani, na amtafutie kitabu cha fizikia. Kazi ya kumtambulia cheti chake na kumfungulia njia ya kufika Kigali au Eldoret si ya mama muuza betri. Hiyo ni ya wale tuliowapa dhamana, na tuwaulize habari yake wakija kutuomba kura.